Nimepima maji ya tangi langu la matumbawe kwa ICP, uzoefu wangu

Niko Hamburg, nina tangi la matumbawe hai la lita 120 sebuleni, mwaka wa tatu huu. Siku hizi ukikutana na wenye matangi huku Ujerumani wote wimbo mmoja, acha kubahatisha na vile vidawa vya kupimia nyumbani, tuma maji maabara wakupimie kwa ICP, mashine inayosoma madini na metali zilizomo kwenye maji. Mi nilikuwa nabisha, yuro 35 kupimiwa maji? Hiyo si hela ya samaki kabisa.

Sasa mwezi wa pili akropora zangu (matumbawe ya matawi) zikaanza kuchunika, nyama inatoka kuanzia chini kwenda juu linabaki fupa jeupe, na nikipima mwenyewe KH (uwezo wa maji kuhimili asidi) 7.5, kalsiamu 420, chumvi 35, kila kitu fresh. Nikanyoosha mikono nikaagiza. Kinakuja kiboksi na vichupa, unasuuza kwa maji ya tangi, unajaza, unabandika namba, unapeleka posta. Siku ya tano majibu kwenye simu: shaba imewaka nyekundu, zinki nyekundu, yaani zimezidi! Nikakagua pampu, sumaku, hita, wapi. Kumbe ni kile kikoki cha rangi ya dhahabu (shaba na zinki hiyo) nilichofunga mwenyewe kwenye mpira wa maji ya osmosisi, yaani yaliyochujwa (usicheke, nilikiona kizuri), yale maji hayana madini ndani kwahiyo yanakula koki taratibu na mi kila wiki najazia tangi kwa ndoo. Nimeweka cha plastiki, nikabadilisha maji nusu nusu, na mkaa juu.

Kwa hilo nawapa tano. Ila majibu yanakuja na orodha ya vichupa vyao vya kununua, tone la hiki tone la kile, hapo daktari ndo huyo huyo mwenye duka la dawa. KH bado unapima mwenyewe maana ICP haiisomi. Na sampo ya pili imekaa wiki mbili, nikiwauliza wananijibu subiri.

Mama yuko Tanga, nilimwonyesha kwa video kipande cha tumbawe saizi ya kidole nilichonunua yuro 40 kwa jamaa anayeotesha kwake, akasema we mwanangu, si ndo mawe tuliyokuwa tunachomea chokaa hayo?

Akropora mbili zimekufa. Ya tatu juzi nimeiona ina vincha vyeupe, inakua.