Nyumba ya kupanga Alfama, Lisbon: maoni ya wageni kutoka Kigoma
Mimi na mke wangu, tuliozoea kupanda kwa miguu kutoka stesheni ya Kigoma hadi Mwanga, hatukuogopa tulipoambiwa kwamba Alfama ni mtaa wa vilima. Lakini kupitisha masanduku kwenye vichochoro vya ngazi visivyopitika kwa teksi, kisha kuyapandisha hadi ghorofa ya nne bila lifti, kulitutoa jasho. Mtaa wenyewe, ulionusurika kwa sehemu kubwa katika tetemeko la mwaka 1755, unapendeza mno, na harufu ya samaki wa kuchoma (wakubwa kuliko dagaa wetu) ilitukumbusha Kibirizi, kwa wavuvi wa kwetu Kigoma. Jiko lilikuwa safi, ingawa picha za mwenye nyumba hazikuonyesha dirisha linalotazama ukuta. Safari ijayo tutapanga Baixa, mtaa wa katikati ya jiji, ambako ni tambarare.