Kompresa (pampu ya kujazia tairi upepo) ya kufunga kwenye pikapu kwa ajili ya theluji: uzoefu wangu wa misimu miwili

Nina pikapu ya Toyota Tacoma ya 2012, tairi 285/70R17, naishi Kent jimbo la Washington na kazi yangu ni kuendesha semi, na kabla sijaja huku nilishakuwa utingo kwenye lori la Dar–Tunduma, kwa hiyo mambo ya upepo sio mageni kwangu. Naanza na hilo maana watu wakisikia Mbongo anapanda milima ya Cascade kwenye theluji na pikapu kwa starehe tu wanadhani nimechanganyikiwa. Ni ugonjwa, niliambukizwa na jamaa wa kazini.

Kwa asiyejua, theluji ya huku sio ile kavu ya kupeperuka, ni nzito imejaa maji, wenyewe wanaiita saruji ya Cascade. Ukiingia na upepo wa barabarani, tuseme psi 35 (psi ni kipimo cha presha ya tairi), tairi linachimba, gari linakalia tumbo, basi tena, hapo ni koleo tu. Ukishusha mpaka 10 au 8 tairi linalala, linatandaza unyayo, gari linatembea juu ya theluji badala ya kuzama. Kushusha hata mtoto anashusha. Kasheshe ni kurudisha, maana huwezi kuingia barabara kuu ya I-90 na upepo 8 halafu ukimbize, tairi zitachemka na kona moja tu gari linakutoka.

Msimu wa kwanza nilikuwa na kale kakompresa kadogo ka kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Siku moja juu ya Cle Elum, digrii hasi 12, giza limeshaingia, tairi la kwanza lilichukua karibu robo saa, mpira wake wa kupitishia upepo umekakamaa kama fimbo ya mkongojo, tairi la pili katikati fyuzi ikakata. Nimevua glavu kutafuta fyuzi, vidole havisikii kitu, mke ananipigia kuuliza nipo wapi. Nilishuka mlima kilomita 20 kwa saa, tairi mbili zimejaa mbili zimelala, nyuma yangu foleni ya watu wanapiga honi. Siku ile ile nikaapa.

Nikanunua kompresa ya kampuni ya ARB, ile ya mota mbili, dola mia sita na kitu, ndio, inauma. Ni ya volti 12, inasukuma lita 170 hivi kwa dakika ikiwa haina mzigo, na inakula umeme haswa: inakuja na waya zake nene na fyuzi mbili za ampea 40, moja kwa kila mota. Kwa hiyo waya unatoka betri moja kwa moja, usije ukadanganywa na mtu uunge kwenye waya wa redio au wa taa, utachoma gari. Na injini iwe inaunguruma muda wote unaojaza, betri kwenye baridi haina nguvu zile unazozijua, ukizima injini ukajaza tairi nne unaweza ulale huko.

Sasa makosa. Fundi wa kwanza (simtaji) alinifungia chini, pembeni ya chesisi nyuma ya tairi la mbele, akasema pale kuna nafasi na inapoa vizuri. Kupoa kweli ilipoa! Safari ya kwanza tu tairi ikaitandika matope ya theluji njia nzima, tukasimama kula, yale matope yakagandia kwenye filta yakawa jiwe. Nikawasha, mota inanguruma kwa shida, upepo hautoki. Nikamwagia chai ya moto kutoka kwenye chupa, chai yangu ya tangawizi aisee, ndo ikaanza kuvuta. Nikaihamishia chini ya boneti karibu na betri, breketi nimenunua kwa pesa yangu nimefunga mwenyewe Jumamosi moja, na tangu hapo haijawahi kuganda. Tena joto la injini linaisaidia kuanza.

Ila joto hilo hilo lina hila yake. Kompresa inavuta hewa ya vuguvugu, inaikandamiza, ikifika kwenye mpira wa baridi maji yanatoka. Mi nilipaswa kujua! Makambako kila alfajiri kazi yangu ilikuwa kuvuta zile kamba chini ya lori kumwaga maji kwenye matenki ya upepo, na semi ninayoendesha sasa ina draya (kikaushio cha hewa) kwa ajili ya kitu hicho hicho. Bado nikajisahau, nikauacha mpira nyuma kwenye bodi una maji ndani, kesho yake umeziba barafu pale pa kuchomekea. Sa hizi nikimaliza naupuliza mpira mtupu nusu dakika halafu unakaa ndani ya kabini miguuni kwa abiria. Tenki la upepo sijaweka na siweki, ni sehemu nyingine tu ya maji kukaa.

Ilipojilipa hasa ni Februari. Nilikuwa upepo 8, nimekata kona kali kwenye mteremko wa ubavu, tairi la mbele kulia likachomoka kwenye rimu upande wa ndani. Jeki juu ya ubao, maana bila ubao inazama tu, tukakwangua barafu yote kwenye mdomo wa tairi kwa bisibisi, tukalizungushia mkanda wa kufungia mzigo tukakaza, nikatoa kile kijiti cha ndani ya valvu ili upepo uingie kwa wingi. Kimya, kimya, inafuka tu pembeni, halafu pa! ... pa! tairi limekaa kwenye rimu. Mlio mtamu kuliko muziki wowote. Kale kakompresa kangu ka zamani kangelia mpaka asubuhi.

Muda: kutoka 8 kwenda 32 ni kama dakika moja na nusu kwa tairi, ila kuzunguka gari kwenye theluji ya magotini ndo kunakula muda kuliko kujaza kwenyewe. Na msijaze gereji kwenye joto la digrii 18 mkadhani ndo mmemaliza, ukitoka nje kwenye hasi 10 geji inakusomea pungufu kama psi 5, nilidhani nina pancha wiki nzima.

Jamaa yangu ana mtungi wa gesi ya CO2, unajaza haraka kuliko yangu, ila kwenye baridi presha ya mtungi inashuka na ukiisha umeisha, mlimani hakuna wa kukujazia. Wenzetu wa Iceland wamefika mbali zaidi, mipira imeunganishwa kwenye rimu kabisa wanapandisha na kushusha upepo huku wanaendesha. Siwezi hata kumuonyesha mke bei.

Kompresa yangu naipa nane kwa kumi. Mbili nimekata kwa kelele, na kwa bei. Mpira wa vichwa vinne wa kujaza tairi zote kwa mpigo nimeshaagiza, ili nikae ndani kwenye hita huku inajaza.