Maji ya kisima: kichupa cha H2S au maabara?

Mvua zikianza, swali hurudi: tupime kisima wenyewe kwa kichupa cha H2S (kichupa chenye dawa inayogeuka nyeusi palipo na bakteria wanaotoa gesi ya hidrojeni salfaidi, H2S), au tupeleke sampuli maabara?

Kwa bei na wepesi, kichupa kinashinda. Unajaza maji hadi kwenye alama, unafunga, unakiacha ndani siku moja hadi mbili. Maji yakigeuka meusi kama wino, chukulia yameingiliwa na kinyesi. Hakihitaji umeme. Ila hakisemi uchafu ni mwingi kiasi gani, na maji ya ardhini yenye salfaidi ya asili, yale yanayonuka yai bovu, huweza kuwa meusi bila kinyesi chochote.

Maabara huchuja mililita 100, hukuza bakteria kwenye joto maalumu kama saa 24, kisha huhesabu E. koli, bakteria wanaoonyesha kuwa kinyesi kimeingia. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO), asionekane hata mmoja. Ni ghali zaidi, na sampuli isafiri kwenye barafu, ifike ndani ya saa 6 ikiwezekana. Iliyozungushwa juani kutwa nzima, majibu yake siyaamini.

Kisima cha mtaa kinachofuatiliwa kila mwezi, kichupa kinafaa. Zahanati yenye kisima kipya, au nyumba ambayo watoto wanaharisha mfululizo, ningelipia maabara, na maji yachemshwe wakati majibu yakisubiriwa.