Bandari za Goma na Bukavu: ushuru wa bichi unanunua nini?

Mtu anayeleta magunia ya maharagwe kwa boti kutoka Minova, mji mdogo ulio kando ya Ziwa Kivu, hadi Kituku, bandari ya ufukoni ya Goma, hulipa nauli, hulipa wapakizi, kisha hulipa ushuru wa bichi, yaani wa ufuko boti zinapopakia na kushusha. Nauli inaeleweka, na kazi ya wapakizi inaonekana mgongoni mwao. Huo ushuru wa tatu ndio tunaoupima hapa: bandari inampa mteja nini kwa pesa hiyo, katika miji ya Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kipi kinakosekana ambacho kingepatikana bila kumsubiri mfadhili.

Tuanze na maumbile, maana miji hii miwili inatumia ziwa moja lakini bandari zake hazifanani hata kidogo. Goma imekaa juu ya mawe meusi ya lava. Kina cha maji kinaanza karibu na ufuko, hivyo tope halisumbui. Kinachosumbua ni upepo. Mji uko kwenye ncha ya kaskazini, ziwa lote liko wazi mbele yake, na kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo wa kusini huleta mawimbi yanayopiga moja kwa moja gatini. Bukavu ni kinyume chake: rasi zake zinakinga ghuba, maji yametulia, lakini juu yake kuna milima iliyojengwa mpaka kileleni, na kila mvua kubwa inashusha udongo na takataka. Jambo moja linazisaidia zote: Kivu halina kupwa wala kujaa kama bahari. Usawa wa maji hupanda na kushuka polepole, kwa makumi ya sentimita, kufuata misimu. Gati la ngazi mbili, moja ya masika na moja ya kiangazi, linatosha mwaka mzima.

Bandari ya umma ya Goma tunaipa alama 3 kati ya 5. Kuna gati la kweli, meli za chuma zinafunga ubavu wote, na mzigo unashuka bila mtu kuingia majini. Alama mbili tulizokata ni za utunzaji. Lava ina makali, na hata saruji iliyomwagwa juu yake inaacha pembe. Boti ya mbao ikisuguliwa hapo usiku mmoja wa mawimbi, kalafati, yaani nyuzi za kuzibia mbao, inatoka kwenye viungo na asubuhi maji yako ndani. Dawa ni matairi ya lori, lakini yafungwe inavyotakiwa. Kila tairi litobolewe matundu mawili juu ya kupitishia mnyororo, kwa sababu kamba ya nailoni hukatwa na ukingo wa zege, na tundu moja chini la kutoa maji, la sivyo tairi linajaa, linakuwa zito na linazalisha mbu. Litundikwe nusu juu ya maji, nusu chini, kila baada ya mita moja na nusu. Tairi lililotundikwa juu kabisa ya gati halimkingi mtu yeyote.

Kituku ni ufuko uliogeuzwa bandari na mahitaji ya watu. Mapema 2024 vita vilipokata barabara ya Sake, inayounganisha Goma na Minova, chakula na abiria wa Minova walihamia majini, na mzigo wote huo ukaangukia sehemu ambayo haikujengwa kwa ajili yake. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti kutoka Minova ilipinduka ikiwa tayari inaonekana kwa macho kutoka Kituku, imejaa kupita kiasi, na makumi ya watu wakafa. Miaka mitano kabla, Aprili 2019, boti nyingine ilizama upande wa Kalehe, na Rais wa Kongo akaagiza kila abiria wa Ziwa Kivu avae jile, yaani koti la kuokolea maisha. Agizo lilikuwa zuri. Lakini jile linamsaidia mtu ambaye tayari yuko majini. Kazi ya bandari ni kuhakikisha hafiki huko, na kazi hiyo inafanyika kabla kamba haijafunguliwa.

Inafanyikaje? Kila boti ichorwe mstari wa mzigo ubavuni, kwa rangi nyeupe, pande zote mbili na pande zilingane. Maji yakigusa mstari, upakiaji umekwisha, hata kama mwenye gunia ni shemeji wa kapiteni. Mzigo mzito, saruji, maharagwe, viazi, ukae chini kabisa, katikati, na ufungwe. Magodoro na vitu vyepesi vikae juu. Makosa yanayorudiwa ni kuwapakia watu kwanza, halafu magunia yanayochelewa yanarushwa juu ya paa. Hapo uzito unapanda, na boti inayoonekana imetulia bandarini inayumba vibaya ikigeuza ubavu kwa wimbi.

Mwisho wa safari una hatari yake pia. Boti ikikaribia, kila mtu anasimama na kusogea upande wa gati ili awe wa kwanza kushuka. Watu 40, kwa wastani wa kilo 75 kila mmoja, ni tani tatu zinazohama kutoka upande mmoja hadi mwingine ndani ya dakika moja. Hakuna boti ndogo ya mbao iliyosongamana inayopenda jambo hilo. Bandari iweke sheria: hakuna kusimama mpaka kamba ya mbele, ya nyuma na ile ya mshazari zifungwe zote tatu, na kushuka kuanze na walio upande wa gati. Mtu mmoja mwenye megafoni anaweza kuisimamia. Manifesti nayo iandikwe mlangoni, kwa kuhesabu vichwa pamoja na watoto wa mgongoni, nakala moja ibaki nchi kavu. Orodha iliyomo ndani ya boti inazama na boti, na familia zinabaki kuuliza majina ufukoni kwa siku nyingi.

Majile yenyewe yapimwe. Bonyeza sponji kwa kidole: ikibaki na shimo au ikimomonyoka, tupa. Vuta kila mkanda kwa nguvu. Jile la mtu mzima la nyutoni 100 linapaswa kubeba chuma cha kilo 10 majini bila kuzama. Jaribio hilo linafanyika palepale gatini, na jile linaloshindwa likatwe kwa kisu ili lisirudi sokoni. Watoto wanahitaji la kwao, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, kwa sababu jile la mtu mzima humtoka mtoto kichwani mara tu anapoingia majini. Na jile lililofungiwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya magunia lisihesabiwe kuwa lipo.

Kuna jambo la Kituku ambalo msafiri wa haraka halioni. Hapo hapo boti zinapofungwa, watu wanachota maji ya kunywa. Bidoni za njano za lita 20 zimepangwa kwenye mawe, kijana anachota, mwenye bomba la sindano anatia klorini bidoni moja baada ya nyingine, halafu chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, au pikipiki inapandisha maji mitaani. Hatua chache pembeni, mtu anamimina mazutu, yaani dizeli, kwenye injini kwa kutumia nusu ya chupa kama faneli. Klorini inaua viini vya kipindupindu, lakini haiondoi mazutu. Kinachotakiwa ni kutenganisha: sehemu ya kuchota iwe upande upepo unakotoka, sehemu ya mafuta iwe upande unakoelekea, na kila injini ijazwe juu ya beseni pana lenye unga wa mbao wa kunyonya kinachomwagika. Beseni na unga wa mbao ni bei ndogo kabisa. Kwa kukosa hata hicho, na kwa kukosa mstari wa mzigo, Kituku tunaipa alama 1. Wanaofanya kazi pale wanastahili bandari bora kuliko hiyo.

Tahadhari kwa wanaolala ufukoni wakisubiri boti ya alfajiri, hasa magharibi mwa mji kuelekea Sake: msilale kwenye mashimo na mabonde ya lava. Mazuku, hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatuama mabondeni usiku usiokuwa na upepo na inaua bila harufu. Bandari ingeweza kuweka vibao na benchi mahali palipoinuka.

Bukavu tunaipa 2 na nusu. Kufunga boti ni rahisi, na bichi Muhanzi iko karibu na soko kiasi kwamba sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wanafika mezani wakiwa wabichi. Shida ni kile kinachoingia kwa nyuma. Mifereji ya milimani na mito kama Kahuwa inamwaga ghubani tope, chupa na mifuko. Tope linapunguza kina pole pole, mpaka siku moja boti iliyojaa inakwama pale ilipokuwa ikipita. Kulipima hakuhitaji mashine: kamba yenye fundo kila nusu mita na kipande cha risasi mwishoni, kila mwezi, sehemu zile zile, namba ziandikwe kwenye daftari. Ukiona chini ya boti iliyopakiwa imebaki chini ya nusu mita ya maji, chimba kabla ya mvua za Septemba.

Takataka hazikai ghubani. Mkondo unazipeleka kwenye mlango wa Ruzizi, mto unaotoka ziwani, na chini yake kidogo kuna bwawa la umeme la Ruzizi I. Chupa za plastiki zimewahi kuziba mitambo yake na kuiacha Bukavu gizani. Kwa hiyo chupa iliyotupwa kutoka kwenye boti inarudi kwa aliyeitupa kama mshumaa.

Kizuizi cha kuelea kwenye mdomo wa kila mfereji kinafaa, kikiwekwa vizuri. Bidoni tupu zilizofungwa vifuniko, zimeunganishwa kwa kamba nene, na wavu wa nusu mita unaning'inia chini ukiwa na mawe ya kuushikilia. Kisikatize maji moja kwa moja, kwa sababu maji ya mvua yatakisukuma mpaka kikatike. Kilazwe mshazari, ili takataka ziteleze zenyewe hadi ukingo mmoja ambapo mtu anazitoa. Kamba ya upande wa juu iwe na urefu wa ziada kwa ajili ya ziwa linapopanda masika.

Kizuizi hiki kinashindwa kwa sababu takataka zake haziondolewi. Salongo, kazi ya pamoja ya usafi ya Jumamosi, ni msaada mzuri, lakini kizuizi kilichojaa Jumanne usiku kitakatika kabla ya Jumamosi na kuachia kila kitu kwa mkupuo. Kinahitaji watu wawili wenye mshahara, mtumbwi mmoja, reki mbili za mpini mrefu, buti na glovu, na mahali pa kumwagia palipo juu ya kiwango cha maji, ili mvua inayofuata isizirudishe takataka ziwani. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ambayo ushuru wa bichi wa Bukavu ungelipia.