Bima ya magonjwa makubwa: nimefungua ukurasa wa 14 wa mkataba, njoo usome na mimi

Habari zenu wadau, na wale wa hapa nyumbani Dodoma, mbukwenyi! Uchambuzi wa ile simu niliyowaahidi utakuja Jumanne, msinikasirikie. Leo mezani nina mkataba wa bima ya magonjwa makubwa, kurasa 22, na tangu Ijumaa nimeusoma mara tatu. Umeniudhi kweli, na nataka tuusome pamoja.

Bima yenyewe wengi mnaijua. Ukigundulika na ugonjwa ulioorodheshwa unalipwa pesa kwa mkupuo, mkononi mwako, ulipe nauli, kodi ya nyumba, ada ya mtoto, unavyoona. Kuna mdau kila wiki ananiandikia "mimi nina NHIF, hii ya nini tena?" Ndugu yangu, NHIF inailipa hospitali. Hii inakulipa wewe. Mtu anayesafishwa damu kwa sababu ya figo anakwenda kwenye mashine mara 3 kwa wiki, na kila akienda anakaa kama saa 4. Genge lake la Majengo nani analifungua siku hizo?

Na aliyeibuni alikuwa daktari. Marius Barnard wa Afrika Kusini, mpasuaji wa moyo, ndugu yake Christiaan Barnard aliyepandikiza moyo wa binadamu mwaka 1967. Aliona wagonjwa wanapona kisha wanafilisika, mwaka 1983 wakaianzisha na kampuni ya bima kwa magonjwa 4 tu: mshtuko wa moyo, kiharusi, saratani na upasuaji wa mishipa ya moyo. Leo wakala anakuja na orodha ya magonjwa 30 na zaidi, anaisoma haraka haraka, unaona kabisa hapa nimekingwa kila upande.

Sasa sogea karibu na meza. Majina ya magonjwa yako ukurasa wa 3. Pesa yako iko huku, ukurasa wa 14, sehemu ya "Tafsiri". Subiri niweke kikombe juu, upepo wa leo unafunua karatasi. Naweka rula chini ya mstari tusiruke neno. Kiharusi. Wanasema: "kufa kwa sehemu ya ubongo kutokana na kuziba kwa mshipa au kuvuja damu, kunakoleta hitilafu ya kudumu ya mfumo wa fahamu, iliyothibitishwa na daktari bingwa na kwa picha ya ubongo, na inayoendelea kuonekana baada ya miezi 3 tangu tukio."

Umesikia? Nachukua kalamu ya njano. "Ya kudumu", napaka. "Daktari bingwa", napaka. "Picha ya ubongo", hiyo ni CT au MRI, napaka. "Baada ya miezi 3", hapa napaka mara mbili. Mtaani mdomo ukipinda na mkono ukilegea tunasema amepata kiharusi, basi. Kwenye karatasi hii hicho bado si kiharusi mpaka masharti yote manne yatimie kwa pamoja. Na huku chini, maandishi madogo haya, ngoja nivute kamera: kile kinachopita chenyewe ndani ya saa 24 hakimo kabisa.

Nawaambia kwa nini nimekaa na mstari huu siku tatu. Mama yangu mdogo ni mwalimu wa shule ya msingi kule Kongwa. Bima hii alikuwa nayo, imeambatanishwa kwenye bima yake ya maisha, na presha yake aliitaja kwenye fomu tangu mwanzo, hakuficha. Februari akaanguka jikoni. Upande wa kushoto wote ukalala. Wakala akamwambia awahi kuwasilisha madai, tukawahi, wiki ya tatu karatasi zikawa zimefika. Jibu likarudi mistari miwili: "Hali ya mteja haikidhi tafsiri ya kiharusi kwa mujibu wa mkataba." Hakuna zaidi ya hapo. Nyumbani tukaelewa tumekataliwa, tukauza ng'ombe wawili.

Kampuni siitaji, na mkiitaja huko chini nitafuta. Lakini tazama tena ukurasa wa 14. Wiki ya tatu hakuna daktari duniani anayeweza kuandika kwamba hitilafu imeonekana baada ya miezi 3! Madai yalikwenda mapema, na aliyemharakisha ni mtu aliyepaswa kuujua mstari huu kuliko sisi. Aliyeandika barua naye angeongeza sentensi moja tu, "rudi Mei upimwe tena". Sentensi moja! Hapo ndipo ninapokasirika, wadau. Tarakimu ipo, imechapishwa, na hakuna aliyeisema kwa mdomo.

Haya, mengine kwa haraka. Saratani: lazima iwe imevamia tishu za jirani. Ile ambayo bado imekaa mahali ilipoanzia, haijapenya, mikataba mingi inaiweka nje, pamoja na saratani nyingi za ngozi isipokuwa melanoma, ile kali inayosambaa, na ya tezi dume ikiwa changa sana. Mshtuko wa moyo: wanataka ushahidi kwamba msuli wa moyo umekufa, maana yake maumivu ya kifua, mabadiliko mapya kwenye kipimo cha umeme wa moyo, na troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia, kupanda kwenye damu. Kifua kubana peke yake hakitoshi. Figo: zote mbili, zimeshindwa moja kwa moja, na umeshaanza kusafishwa damu au umepandikizwa. Kupandikizwa kwenyewe kunafanyika hapa hapa Dodoma, Benjamin Mkapa walianza mwaka 2018. Ila kuambiwa tu kreatinini, ile taka ya damu inayochujwa na figo, imepanda, hapo hulipwi.

Kisukari na presha? Hayamo. Najua mtakavyopokea, mimi mwenyewe ukurasa huo niliufunga nikaenda kunywa maji. Ugonjwa wa kila nyumba haumo! Nilipotulia nikaona hesabu yao. Wangelipa kila anayegundulika na presha, ada ingekuwa kubwa kiasi kwamba mwalimu wa Kongwa asingeigusa. Wanalipa pale presha inapokufikisha kwenye kiharusi au figo kufa. Hilo nimelikubali, japo kwa shingo upande. Lakini presha yako iandike kwenye fomu. Wakala akikwambia "acha, itapandisha ada", usimsikilize, kwa sababu siku ya madai watafungua faili lako la kliniki.

Kampuni ya pili, mshindani wake, wakala wao alikuja na SGR ya asubuhi kutoka Dar, tukakaa Nyerere Square saa nzima. Yeye mkataba wake una kitu nimekipenda: saratani ikigundulika mapema, ile ile ambayo huyu wa kwanza anaikataa, wanalipa asilimia 25 ya fidia, na bima inaendelea. Na kwenye kiharusi wameandika wiki 6 badala ya miezi 3. Kwa umri wangu, fidia ya milioni 20, wa kwanza ameniambia shilingi 22,000 kwa mwezi, huyu 31,000. Nilikuja na nia ya kuwaambia hizi bima zote muachane nazo. Sasa hivi, na hizi karatasi mbili mbele yangu, ile 31,000 ningeilipa. Ya 22,000 silipi.

Wote wawili wana siku 90 za kusubiri tangu uanze; ukigundulika ndani ya hizo, hakuna malipo. Na baada ya kugundulika lazima uishi siku 30 ndipo fidia itoke. Wakala wa kwanza hakuitaja hata moja mpaka nilipouliza.

Aliyeuliza wiki iliyopita apeleke wapi malalamiko: anza na kampuni yenyewe, kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri wao wa kupokea. Wakikukwamisha kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na TIRA wanaozisimamia kampuni zote makao makuu yao yako hapa hapa mjini.

Mama mdogo, najua unatazama, shikamoo. Sasa ni Julai, miezi mitano tangu uanguke, na mkono wa kushoto bado haujashika kikombe. Jumamosi napanda basi la asubuhi, natelemka Mbande, nachukua gari ya Kongwa. Nimeshachapisha fomu mpya ya madai. Uitafute ile picha ya ubongo, iko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, na Jumatatu tuna miadi na daktari bingwa, nimemwomba aandike tarehe ya Februari na tarehe ya siku hiyo, zote mbili kwenye karatasi moja.