Astro City imefika Ngamiani: nilivyoiona

Riziki yangu inatoka kwenye TV za chogo, kwa hiyo niliposikia kwamba duka moja la gemu hapa Ngamiani, Tanga, limepata mashine ya Kijapani kutoka kwenye kontena la mtumba, nilikwenda kuangalia kioo kwanza, mchezo baadaye.

Kioo ni kizima. Inchi 29, rangi zimekolea, nyekundu haimwagiki pembeni. Mashine yenyewe ni Astro City ya Sega, ya mwaka 1993: kasha jeupe la kucheza umekaa, kioo kimelazwa kidogo ili macho yakipate bila kuinamisha shingo. Marekani mashine nyingi zilikuwa za kusimama. Japani kukaa kulianza mapema. Mwaka 1978, mchezo wa Space Invaders wa kampuni ya Taito ulipovuma, migahawa ya kahawa ilijaa mashine za umbo la meza, mtu anacheza huku kikombe chake kiko juu ya kioo.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba kasha hili halikuundwa kwa mchezo mmoja. Mwaka 1985 chama cha watengenezaji wa mashine hizi Japani, JAMMA, kilipitisha mpangilio mmoja wa nyaya: soketi ya pini 56 inayobeba umeme, picha, sauti na amri za mchezaji. Mchezo ukichosha watu, mwenye duka ananunua bodi tu, yaani saketi yenye mchezo. Anachomoa ya zamani, anachomeka mpya, kasha linabaki pale pale.

Nilimwomba kijana mwenye duka anifungulie ndani, akakubali bila kinyongo. Nyaya zimefungwa mafungu mafungu, kila kitu mkono unakifikia. Vitufe ni vya kampuni ya Sanwa, milimita 30, vinavyojibana vyenyewe kwenye tundu bila skrubu. Kikifa kimoja unavuta waya mbili, unabana vishikio kwa vidole, unatia kingine, hakuna kuchomea. Aliyechora kitu hiki alimfikiria fundi, na mimi namheshimu kwa hilo.

Umeme nao mwenye duka kaufanyia kazi. Mashine ya Japani inataka volti 100, sisi hapa tuna 230, na yeye kaweka transfoma ya kushusha, nzito, yenye nafasi ya kupumua nyuma. Wanaotaka kuleta za kwao wasizichomeke moja kwa moja ukutani hata kwa kujaribu. Na ndani ya chogo umeme mkali hubaki hata baada ya kuzima, kwa hiyo nyuma ya kioo aguse anayeijua kazi.

Sasa kasoro. Stuli ni zile ndefu za baa, na zinaharibu kabisa kazi ya waliochora kasha: magoti yanagonga paneli, kioo unakitazama kwa juu. Fundi seremala yeyote wa Makorora atazikata miguu kwa bei ndogo. Paneli ya chuma imeanza kutu pembeni, na hewa ya chumvi ya mji huu haisubiri mtu. Ipigwe msasa na rangi mapema.

Kubwa zaidi ni bodi ya Raiden ambayo mwenye duka kaifungia kabatini. Ni mchezo wa ndege wa mwaka 1990, picha yake imesimama wima, lakini kioo pale kimewekwa kwa ulalo kwa ajili ya The King of Fighters '97, mchezo wa kupigana uliomo sasa. Taito waliliona tatizo hili, na Egret II, kasha lao la 1996, ina kioo kinachozungushwa kwa urahisi. Kwenye Astro City inabidi ufungue na ugeuze kwa mikono.

“Shikamoo fundi, kwani kinageuka kweli?” akauliza dogo mmoja aliyekuwa anasubiri zamu.

“Marahaba. Kinageuka, tukiwa watu wazima wawili.”

Nimemwambia mwenye duka nitakuja kumsaidia, bure. Wima wiki moja, ulalo wiki inayofuata, na wateja watapata michezo miwili kwa kasha moja, kama ilivyokusudiwa.

Mchezo ni shilingi 300, chenji unapewa bila maneno. Nendeni asubuhi. Shule zikitoka, foleni inafika barabarani, na feni iliyopo ni moja tu.