Kaseroli ya Waamishi: nimeipika mara tatu, mahindi ndiyo yameamua

Haya jamani, karibuni tena jikoni kwangu, hapa Lancaster, Pennsylvania. Bakuli mnaliona, linafuka mvuke, na mimi sijala tangu asubuhi, kwa hiyo mnivumilie.

Hii ni kaseroli, yaani chakula cha kuchanganya na kuoka ndani ya bakuli, ya nyama ya kusaga na mahindi. Mmenitumia video zake wiki nzima: "Dada, wewe unakaa na hao Waamishi, kweli wanakula hivi?" Basi nimeipika mara tatu ndani ya siku kumi. Nyama aina ile ile, tambi zile zile, bakuli hili hili. Nilichokuwa nabadilisha hasa ni mahindi. Mara ya kwanza ya kopo, mara ya pili yaliyogandishwa, na mara ya tatu haya hapa. Ngoja niwatikisie mfuko. Mmesikia? Utadhani changarawe. Haya ni mahindi matamu yaliyokaushwa, na ndiyo hasa ninayotaka kuyazungumzia leo.

Lakini swali lenu kwanza. Waamishi ni Wakristo waliomfuata Jakob Ammann alipojitenga na wenzake mwaka 1693, huko Uswisi na Alsace, na kuanzia karne ya 18 wakahamia huku Pennsylvania. Mahindi hawakuja nayo, waliyakuta huku. Chakula chao ni cha mkulima: uzito, siagi, tambi za mayai, na viungo vinaishia kwenye chumvi na pilipili manga. Ila si kila pishi lililoandikwa "Amish" mtandaoni limetoka kwao. Hilo jina linauza. Ndugu wa karibu wa hii kaseroli, ambaye kweli ni wa kwao, anaitwa yumasetti: nyama ya kusaga, tambi, supu ya kopo na jibini.

Ndiyo, supu ya kopo. Najua mlitarajia niwaambie kila kitu wanakitengeneza kwa mkono. Wanahifadhi vyakula vingi kwenye chupa, mpaka nyama, lakini kopo nalo limo. Na wengi wao hawaungi umeme wa gridi, ila jiko ni la gesi ya mtungi, sawasawa na la shangazi yangu kule Tanga.

Twende kwenye mapishi. Nyama ratili moja, yaani kama gramu 450, unaikaanga na kitunguu maji kimoja mpaka maji yote yakauke na nyama ianze kushika rangi. Wengi mnakosea hapa: ikishakuwa ya kijivu tu mnaona imeiva. Subiri isikike ikichachatika kwenye mafuta yake, halafu mwaga mafuta yaliyozidi. Tambi gramu 225, zichemshe na uziepue dakika mbili kabla hazijaiva, maana zitamalizikia ndani ya oveni. Ukiziivisha kabisa utakula uji.

Sasa mahindi. Ya kopo: nilichuja maji, nikamwaga punje, nikachanganya na supu nzito ya uyoga ya kopo kama video zinavyoelekeza. Ilikuwa tamu kwa sukari na chumvi. Punje laini mno, ukiuma hakuna kitu. Na kosa langu, nilikuwa nimeshatia chumvi kwenye nyama. Supu ile ina chumvi ya kutosha, jibini nalo lina yake. Usiku mzima tulikunywa maji, baba watoto akaniuliza kama nimepika ng'onda. Naipa tano kwa kumi.

Yaliyogandishwa ni afadhali sana. Punje inapasuka mdomoni, utamu wake ni wa hindi lenyewe. Unayatia vivyo hivyo, ila yaache kwanza yayeyuke na uyakaushe, la sivyo bakuli linajaa maji. Saba kwa kumi, na kwa siku ya kazi hayo ndiyo nitakayotumia.

Haya makavu nimeyanunua Central Market, lile soko la matofali mekundu katikati ya mji, jengo la mwaka 1889. Hufunguliwa Jumanne, Ijumaa na Jumamosi. Kamera niliizima, kwa sababu Waamishi wengi hawapendi kupigwa picha, ndiyo maana hamtaona sura ya mama aliyeniuzia. Tazameni rangi. Si njano, ni kahawia ya dhahabu, punje zimesinyaa kama zabibu kavu. Nusa... basi hamwezi kunusa. Inanukia hindi la kuchoma, lile la jioni barabarani, kabla halijapakwa ndimu na pilipili. Nilisimama pale sokoni na mfuko puani mpaka watu wakaniangalia.

Yanalowekwa usiku kucha. Kikombe kimoja cha mahindi kwa vikombe viwili na nusu vya maziwa, ndani ya friji. Asubuhi maziwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa hafifu, na yamekuwa matamu yenyewe. Msiyamwage! Chemsha mahindi humo humo, moto mdogo, nusu saa, kisha uyachuje. Yale maziwa ndiyo mchuzi wako. Yeyusha siagi vijiko viwili, tia unga wa ngano vijiko viwili, koroga dakika moja, mimina maziwa kidogo kidogo huku mwiko unazunguka, tia uyoga uliokatwa na kukaangwa. Kopo la supu halihitajiki tena, na chumvi unaipima mwenyewe.

Changanya vyote, juu tandaza jibini la chedda, oveni nyuzi 180 za selsiasi, nusu saa. Usifunike dakika kumi za mwisho.

Mapishi mengine yanataka krimu chachu. Mimi naiacha, na mnaokula halali someni lebo, maana baadhi huwekwa gelatini, ambayo huweza kutoka kwa nguruwe. Na kwa walio nyumbani: msijaribu kwa mahindi yetu ya makande. Hili ni hindi tamu, aina nyingine. Lenu litachemka hadi kesho na bado litawagomea. Nyie bandikeni yale mabichi ya kuchemsha, machanga kabisa, myapukuchue.

Tena msiniandikie habari za pilau masala hapo chini. Nimewaona. Ukitia bizari nyembamba na mdalasini umepika kitu kingine, kinaweza kuwa kitamu, lakini ile harufu ya hindi la kuchoma umeizika. Pilipili iwekwe mezani pembeni. Jirani yangu, mama wa Uvira kule Kongo, alionja hii ya leo, akafumba macho, akasema, "Iko muzuri sana, mama. Lakini pilipili iko wapi?" Nikamletea pilipili mbuzi iliyosagwa, akatulia. Waamishi wenyewe hula na achari ya mboga mchanganyiko, kwa hiyo kachumbari yenye siki haiwezi kuwa dhambi.

Ubaya wake? Bei. Ule mfuko mdogo umenigharimu kuliko makopo matatu, na ukisahau kuloweka usiku, siku hiyo huli. Tena ni chakula kizito. Ukishalamba sahani, kazi nyingine ni kulala. Hata hivyo naipa tisa. Ile moja nimeikata kwa sababu ya bei.

Sasa tazameni hapa pembeni mwa bakuli, jibini na tambi zilipogandia kioo zikawa kahawia. Huu ni ukoko. Kwetu ukoko wa wali ni wa aliyepika, na nimeshawaambia hivyo watu wa nyumba hii. Nauacha huu wa kushoto niwa... Wee! Rudisha hicho kijiko! Jamani, tuonane wiki ijayo, huku kuna mwizi.